Tosha kwa Matamshi ya Kisumu

Ni mimi niliyepaza sauti. Kwa miaka mingi nimesema sikuwa mimi; nimelisema hilo kwa mdomo, kwa maandishi na mara moja, Mungu anisamehe, kwa tanbihi. Nimesema kelele zile zilikuwa za umati, nikijua vizuri kwamba umati hauna mdomo wake, huazima midomo ya watu. Mdomo ulioazimwa kwanza siku ile ulikuwa wangu. Nilikuwa nimesimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa pale Dunga, ufuoni mwa ziwa, macho yakiniwasha kwa gesi ya machozi, msichana wa miaka ishirini na mmoja mwenye cheo cha katibu wa tawi la mashabiki. Nilipaza sauti nikasema, "Tosa!" Sikusema, "Tosha!" Kati ya maneno hayo kuna herufi moja tu, na nyuma ya herufi hiyo ndipo nilipojificha hadi mwezi uliopita.

Nieleze kwa ajili ya msomaji asiye wa kwetu. Anayesema "tosha" anaomba jambo likome, limekuwa la kutosha. Anayesema "tosa" anaamuru kitu kitumbukizwe majini. Sasa Dholuo, lugha ya watu wa ziwa letu, haina sauti ya sh. Wazee wetu husema sule, samba, sati, na hakuna anayewacheka isipokuwa watoto wao wanaorudi likizo. Ukisikia "tosa" kutoka kwa mtu wa Kisumu, huwezi kuapa kwamba hakukusudia "tosha". Mji mzima unaweza kupewa nafuu ya shaka hiyo, isipokuwa mimi. Mimi nililelewa mbali na ziwa, nikasomea Kiswahili chuo kikuu, na mwaka ule niliitamka sh yangu kwa fahari ya mtu mwenye viatu vipya anayetafuta sakafu ya saruji ili visikike. Kama kulikuwa na mtu mmoja ufuoni ambaye "tosa" yake haikuweza kuwa kitu kingine, ni mimi.

Mwezi uliopita alifariki Mzee Oloo, aliyekuwa mwenyekiti wa tawi letu, ambaye hata mke wake alimwita Chairman. Watoto wake walifungua kundi la wasap la mazishi, kama ilivyo desturi siku hizi, na baada ya siku mbili za rambirambi na ratiba za mwili kutoka mochari, watu wakaanza kusimulia. Mtu mmoja akaandika: "Mnakumbuka vile Chairman aliambia ofisa, afande, sisi hatuna hiyo herufi?" Zikafuata nyuso za kucheka mpaka kulia, safu baada ya safu. Mwingine akaandika: "Katibu ako hapa ndani. Katibu, tuambie vizuri!" Nami, nikiri, nilishaanza kuandika. Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye harusi, kwenye chakula cha jioni cha makongamano, mbele ya wageni waliotaka kujua Kiswahili chetu kinafananaje. Najua wapi pa kutua na wapi pa kuigiza sauti ya Chairman. Nilikuwa nimefika kwenye gesi ya machozi ulipoingia ujumbe kutoka namba ambayo simu yangu haikuijua: "Poleni sana. Chairman alikuwa mtu wangu. Katibu, sijawahi kukushukuru. Iko siku. Maina (Omaina)." Kundi lilinyamaza kwa saa mbili nzima, jambo ambalo hata kifo chenyewe hakikuwa kimeliweza. Nikafuta nilichokuwa nimeandika. Maina ndiye mtu tuliyemtosa. Nilitaka kujua ananishukuru kwa nini, maana shukrani nyingine ni jiwe lililofungwa kwa karatasi nzuri.

Mwaka ule chuo kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, tukaambiwa twende makwetu tusubiri barua. Nilikwenda kukaa na Anti Roza, mdogo wa mama, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la mji, pale Kaloleni. Ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha mbele kilijaa viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe vya kufuma, hata redio ilikuwa na chake, na nyuma ya pazia la maua palikuwa na kitanda changu, ambapo nilitakiwa kusoma na badala yake nilisikiliza. Kila Alhamisi jioni tawi la mashabiki wa Ngege Stars lilikutana pale. Anti Roza hakupenda mpira hata kidogo. Alipenda chumba chake kijae, na alipenda watu wanyamaze wanapokula. Alikaanga omena, dagaa wa ziwa letu, kwa nyanya na kitunguu mpaka harufu ikashika mapazia, akapakua ugali kwenye sinia moja, na wanaume kumi na wawili waliokuwa wakitukanana kuhusu beki wa kushoto wakawa wapole kama wanakwaya. Mpaka leo nikisikia watu wakieleza kwamba mashabiki wa soka ni vijana wasio na kazi wala adabu, nawakumbuka wale kumi na wawili wakinawa mikono kwa zamu, mkubwa akianza. Ndio hao hao waliorusha mawe. Sijawahi kuweza kuwagawa wakawa watu wawili wawili, mmoja wa sinia na mmoja wa jiwe, ingawa nimelipwa mara kadhaa nifanye hivyo mbele ya hadhira.

Ukatibu niliupata nikiwa bado nyuma ya pazia. "Nani ataandika minitsi?" Chairman aliuliza. "Omondi aliandika za mwezi jana, na mpaka leo hakuna mtu anajua tuliamua nini." Omondi akasema mwandiko wake ni wa kidaktari. "Hata daktari mgonjwa wake hupona siku moja moja," Chairman akasema. Hapo Anti Roza akaita kutoka jikoni: "Si kuna huyu wa univasiti hapo nyuma ya pazia? Anakula tu na kusikiliza." Pazia likafunguliwa. Nilikuwa na kitabu mkononi, kimeshikwa juu chini. Tangu jioni hiyo nikawa Katibu. Niliandika barua za malalamiko kuhusu marefa, nikatunga nyimbo za kuwakejeli wageni, nikaandika kumbukumbu za mikutano kwa Kiswahili kilichokuwa kikubwa kuliko mikutano yenyewe. Nilikuwa sijawahi kusikilizwa na wanaume wengi kiasi kile. Nilitunga mstari Alhamisi, na Jumapili maelfu ya watu waliuimba jukwaani. Mtu aliyewahi kuandika shairi likasomwa na watu tisa ataelewa ulevi huo ulikuwa wa namna gani.

Maina alikuwa mpiga tarumbeta wetu. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri zamani wakafungua duka sokoni. Yeye alizaliwa Kisumu, akajifunza tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, na Dholuo yake ilikuwa ya mtu wa Dunga, yenye matusi yake yote na methali zake zote. Kwa kuwa majina ya wanaume wa Kijaluo mengi huanza na O, tawi lilimwongezea yake, akawa Omaina. Walimtania bila kuchoka. "Omaina, nyinyi watu wa milima mnajuaje samaki? Huko kwenu samaki si huogopwa kama nyoka?" Naye alijibu huku akinyonya kichwa cha ngege, yule samaki wa ziwa letu, ule upande wa shavu ambao wageni huutupa: "Omera, ndugu yangu, mimi nilikabwa na mfupa wa ngege wewe hujajua kutambaa. Muulize mama yako, ni yeye alinipiga mgongo." Chumba kizima kilicheka. Nilicheka pia, ila nilichelewa kidogo, kwa sababu walitaniana kwa Dholuo, nami nilisubiri maneno yatafsirike kichwani mwangu. Dholuo yangu ilikuwa ya kuungaunga. Nilikuwa Mjaluo wa kitambulisho, nimekaa kwenye kiti kimoja na Mkikuyu aliyeijua lugha ya bibi yangu kuliko mimi, na wote walimpenda. Nakumbuka nikijiambia kwamba jambo hilo lilikuwa la kuchekesha. Nimeandika insha nzuri kuhusu jinsi lilivyokuwa la kuchekesha.

Kulikuwa na desturi. Tukishinda nyumbani, tawi lilitembea kutoka uwanjani hadi Dunga, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, tukiimba njia nzima na matawi ya miti mikononi, tukala samaki kwa akina mama wa ufuoni, kisha mtu mmoja aliyechaguliwa kwa heshima alibebwa na watu wanne na kurushwa ziwani. Palikuwa na mahali pake, penye mchanga, maji ya kiunoni. Alisifiwa kwanza kwa jina la ukoo na la utani, tarumbeta ikalia wimbo wake, watu wakahesabu mpaka tatu. Golikipa alirushwa, mama mmoja muuza samaki aliyetabiri bao alirushwa akiwa na aproni yake, Chairman mwenyewe alirushwa akiwa ameshikilia kofia. Jambo hilo halikuwa na jina, na mimi sikuweza kuvumilia kuandika kwenye minitsi "kile kitu cha majini". Nikaliita kutosa. Chairman alilijaribu mdomoni, "Tosa. Tosa." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii neno ni nzuri. Haina taabu." Kufikia mwezi wa nne wa ukatibu wangu, ufuo mzima ulikuwa ukipiga kelele ya neno nililolitoa kwenye kamusi.

Kisha ikaja timu kutoka Nairobi, wale ambao mechi yao ilikuwa ikianza kuchezwa wiki nzima kabla ya mpira kuguswa. Asubuhi ya siku hiyo tawi lilikusanyika nje ya nyumba ya Anti Roza, vijana wakiwa wengi kuliko kawaida, wengine hatuwajui. Chairman aliniambia niwahutubie watulie, wasichukue mawe. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikaacha Kiswahili changu, nikahutubia kwa Dholuo. Nilitaka kuwaambia wawe watu wa amani. Sijui toni gani niliipandisha mahali pa kuishusha, lakini nilichowaambia, nilielezwa baadaye, kilihusu kuku na mahali kuku anapoketi. Maina, aliyekuwa karibu yangu, akanirekebisha kwa upole kabisa, akasema neno lenyewe kama linavyosemwa. Ndipo watu wakaanguka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Yawa, jamani, Omaina anafundisha Mjaluo Kijaluo!" Mtu akasema, "Mpeni Omaina ukatibu!" Nami nikacheka nao, mikono kiunoni, kama mtu mwenye moyo mkubwa.

Tulifungwa kwa penalti dakika za mwisho. Sitaeleza mpira wenyewe. Sikuuona, nilikuwa nikiangalia jukwaa. Chupa ya kwanza ilirushwa na mtu mnene aliyevaa suti ya kanisani. Baada ya hapo ni vumbi, geti dogo ambalo kila mtu alilikumbuka kwa wakati mmoja, akina mama wakibeba viatu mkononi, na ile gesi, ambayo haina harufu ya moshi kama watu wanavyodhani, ina harufu ya pilipili iliyooza. Kwenye msongamano ule watu kadhaa walimwona Maina akizungumza kwa Kikikuyu na kijana mmoja wa upande wa wageni. Kijana huyo alikuwa binamu yake, na alikuwa akimwelekeza pa kutokea asiumizwe. Lakini badala ya kuuliza, watu walihesabu: penalti, Nairobi, Kikikuyu. Nilisikia kijana asiye wa tawi akiuliza, "Kwani huyo Maina ni wa nani?" Alisema Maina. O ilikuwa imedondoka mahali fulani kati ya uwanja na barabara, na hakuna aliyeinama kuiokota. Mimi nilisikia ilivyodondoka. Kazi yangu ilikuwa maneno.

Hatukuwa tumeshinda, lakini miguu ilishazoea njia, na watu wapatao sitini tukaelekea Dunga. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Hilo la mwendo nimelirukaruka katika kila simulizi langu, kwa sababu linaharibu nadharia. Wanaoandika kuhusu fujo za viwanjani, nami nikiwamo, hupenda kusema hasira ya umati hulipuka. Yetu haikulipuka. Ilitembea zaidi ya saa moja, ikapita makanisa mawili, ikampisha mama mwenye mzigo, ikasimama kuwapa watoto njia. Hasira iliyotembea umbali huo inakuwa imepata muda wa kuchagua. Maina alitembea nasi, tarumbeta begani. Sidhani alijua. Au alijua na akaona kwamba kutoroka ndiko kungekuwa kukiri.

Tulipofika ufuoni watu walikaa chini bila kuagiza samaki. Na Maina, ambaye hakuwahi kuvumilia chumba kilichonuna, akainua tarumbeta akapiga ule wimbo wa kutosa, polepole, kama mtu anayemtania mgonjwa ili acheke. Siku nyingine yoyote angefaulu. Kijana yule yule akasimama. "Anatuchekelea!" Watu wakasimama. Wakamzunguka, wakampokonya tarumbeta, na wanne wakamshika mikono na miguu, lakini wakabaki wamemshika hivyo, wakitazamana, hawajui wanafanya nini. Nataka hili lieleweke, maana ndilo nililolificha. Walisita. Mmoja alisema, "Sasa tufanye nini na yeye?" na akamtazama Chairman. Chairman alitazama chini. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya mtumbwi ili nione. Walionitazama baada yake walikuwa wengi. Nilikuwa Katibu, nyimbo zilikuwa zangu, neno lilikuwa langu, na tangu asubuhi masikio yangu yalikuwa bado yamejaa kicheko. Nikasema, "Tosa!" kwa sauti safi ya darasani.

Sitini wakaipokea. Tosa, tosa, tosa. Hawakumpeleka penye mchanga, walikuwa karibu na mahali mitumbwi hufungwa. Hawakumsifu, hawakuhesabu. Alirushwa uso ukiwa mbele, akapiga ukingo wa mtumbwi kabla ya maji. Mlio wake ulikuwa mdogo sana. Wale wanne ndio waliokuwa wa kwanza kuingia majini kumtoa, mmoja akilia na kuita, "Omaina! Omaina!" O ikiwa imerudi, imechelewa. Taya lilikuwa limevunjika na meno ya mbele hayakuwapo. Alikuwa mpiga tarumbeta.

Siku mbili baadaye tulikaa tena katika chumba cha Anti Roza, mlango umefungwa mchana. Afande angekuja. Hakuna aliyegusa chai. "Katibu," Chairman alisema, "leo ndiyo tutaona kama ulisoma." Nikaandika kurasa mbili. Niliandika kwamba mashabiki, kwa huzuni yao, walikuwa wakipiga kelele ya "tosha", maana yake imekuwa ya kutosha, fujo zikome. Kwamba ifahamike wasemaji wa Dholuo hawana sauti hiyo katika lugha yao ya mama. Kwamba baadhi ya vijana wageni walilisikia neno vibaya, na kwa kuwa kulikuwa na desturi ya furaha yenye jina la karibu, ajali ikatokea. Hiyo ndiyo insha yangu ya kwanza yenye mafanikio. Afande, mtu wa huku huku, aliisoma akiwa amesimama, akairudia, kisha akasema, "Hii ni kweli kabisa. Hata mimi mke wangu ananicheka. Anasema nasema 'sati'." Chairman akapata nguvu: "Afande, sisi hatuna hiyo herufi! Tutaitoa wapi?" Kicheko kikatoka kwa watu wote pamoja, kile cha waliokuwa wameshikilia pumzi. Faili likafungwa. Maina naye, tuliambiwa, alikuwa ameandikiwa maswali kwa kuwa hakuweza kusema, na akajibu kwamba hakumtambua mtu yeyote.

Jioni hiyo niliosha vyombo na Anti Roza akapangusa. "Wanasema ilikuwa sauti ya msichana," alisema.

"Wasichana walikuwepo wengi, Anti."

"Walikuwa wangapi?"

Nilisugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Akaichukua mkononi mwangu, akaipangusa, akaiweka. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa, na kila mwaka aliponikaribisha alinipikia kama mgeni.

Hospitalini nilikwenda mara moja, na mchuzi kwenye chupa ya chai. Nilikuwa nimetayarisha sentensi mbili. Alikuwa amefungwa kichwa chote, macho tu ndiyo yaliyoonekana, na nilipoona hawezi kusema nilihisi kitu ambacho kwa miaka mingi nilikiita huruma. Kilikuwa nafuu. Alinishika mkono, akaukaza. Sentensi zangu nikarudi nazo nyumbani. Kabla ya mwaka kwisha wazazi wake walifunga duka wakahamia Nakuru, chuo kikafunguliwa, nami nikarudi darasani nikiwa mtu mwenye hadithi. Ile ya herufi iliyookoa tawi zima ilinipa alama, baadaye makala, baadaye mialiko. Niliitwa kueleza umati. Nilieleza umati kana kwamba ni hali ya hewa.

Nilimpigia simu siku tatu kabla ya mazishi ya Chairman, saa nne asubuhi, nimekaa kwenye ngazi za jikoni kwangu. Alipokea mara moja.

"Katibu. Nilijua utapiga."

Tuliulizana habari. Nakuru ni vumbi, alisema, na asubuhi baridi. Ana watoto watatu, wa mwisho anamsumbua. Meno ya bandia yalifanya s zake zipige mluzi kidogo. Aliniuliza kama bado nachanganya toni. Hapana, aliuliza kama bado naandika. Mimi ndiye niliyesikia toni. Nikamuuliza, nikijaribu kucheka, ananishukuru kwa jambo gani.

"Ile barua," alisema. "Chairman aliniletea kopi hospitali, ati nione vile mmesema. Nikasoma pale umesema watu walikuwa wanasema tosha. Mimi nasikia Dholuo, Katibu. Wale walikuwa wanasema tosa, na walijua ni tosa. Hakuna tosha ilikuwa hapo. Sasa nikajiuliza, huyu ameitoa wapi? Nikalala hapo siku nyingi, sina kazi, nafikiria tu. Halafu nikajua. Sauti ya kwanza nilisikia ni yako. Sikushika neno vizuri, watu walikuwa wamenishika, lakini ni wewe. Na wewe ndiye mtu mmoja hapo mwenye sh. Nikasema, kumbe Atieno, Katibu wetu, alikuwa anawaambia tosha. Wakamsikia vibaya. Ndiyo maana ulipokuja nikakushika mkono. Na ndiyo maana sikuandika jina la mtu yeyote, kwa sababu ningeandika moja wangekuita utoe ushahidi, na ungeumizwa na watu wako." Akavuta pumzi. "Watoto wangu wakiniuliza Kisumu, nawaambia si wote. Nawaambia kule niko na mtu."

Alikuwa amenipa kila kitu. Hata uongo wangu alikuwa ameuandika upya, kwa ufundi kuliko mimi, na ndani yake nilikuwa mtu mwema. Nilichotakiwa kusema ni "Asante", au hata kunyamaza, na kunyamaza ninakuweza.

"Maina," nikasema. "Sikusema tosha."

Nilisikia pikipiki ikipita upande wake wa simu, ikatokomea.

"Ulisema nini?"

"Nilisema tosa. Walikuwa wamesita, hawajui la kufanya. Mimi ndiye niliyewaambia."

"Kwa nini?"

"Asubuhi ile ulinirekebisha Dholuo mbele ya watu. Wakanicheka."

Nadhani aliitafuta asubuhi hiyo kwa dhati.

"Hiyo sikumbuki," alisema.

Nikamwambia naomba msamaha, na nikasikia jinsi neno lilivyotoka safi, kila herufi mahali pake. Alisema alikuwa amepanga kuja Jumamosi kumzika Chairman, ameshaomba ruhusa kazini, alikuwa aje na binti yake mkubwa aone alikozaliwa baba yake. Nikamwambia haraka kwamba bado aje, tafadhali aje, kila mtu angefurahi kumwona.

"Nije kwa nani?" aliuliza.

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, na akangoja. Nilimsikia akingoja. Sikuwa na jina la kumpa.

"Haya, Katibu," alisema, na akakata simu.